Mfumo wa Mlimani

Mashine ilikwisha kufunguliwa na kufungwa tena, diski mpya ikiwa ndani yake, tupu kama chungu kilichotoka kuchomwa, na bado Yeremia hakuweza kujibu swali jepesi aliloulizwa na fundi.

"Sasa tunaweka mfumo gani, Dokta?"

Abdi alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta karibu na stendi ya Msamvu, na alizoea wateja wanaojua wanachotaka. Mbele yake palikuwa na kifaa cha kuchezea michezo, cha kushikwa kwa mikono miwili, chenye kioo katikati na vitufe pande zote. Marehemu Veronika, mke wa Yeremia, alikinunua kwa ajili ya binti yao katika mwaka wake wa mwisho. Mwezi uliopita diski yake ya zamani ilikufa, ikaondoka na kila kitu.

"Nieleze tena tofauti," alisema Yeremia.

"Ukiweka Windows, hakuna mchezo utakaomshinda. Wenzake wa mtaani watampata mtandaoni, watapigana, watafungana magoli, raha mustarehe. Ila inakula chaji kama mgeni wa msibani, na kila ukigeuka inataka intaneti ijisasishe. Ukiweka Linux, hii iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo, chaji inakaa. Unabonyeza hapa, inalala. Kesho unabonyeza tena, inaamka palepale ulipoachia. Mtandao usipokuwepo, haisusi. Lakini baadhi ya ile michezo ya kushindana na watu inaikataa. Inaihisi ni mdanganyifu, inamfungia mlango."

"Na haiwezekani kuweka yote miwili?"

"Kwa diski hii ndogo? Ah, Dokta! Huyu ni wa mke mmoja tu, nyumba haina chumba cha..." Abdi akakumbuka anayezungumza naye, akainamia bisibisi yake. "Samahani. Ninachouliza ni hivi: mashine yenyewe itaishi wapi? Hapo Mzumbe mna mtandao wa chuo, sina shaka. Lakini kama itakwenda huko vijijini, hilo ni jambo jingine."

Yeremia aliomba apewe mifumo yote miwili, kila mmoja kwenye flashi yake, akasema ataamua nyumbani. Abdi alizifunga flashi hizo kwa utepe, ya Windows mwekundu na ya Linux mweupe, akamwangalia mhadhiri huyo wa sheria akiondoka na mfuko wa karatasi mkononi kama mtu aliyebeba dawa asiyojua kipimo chake.

Mashine itaishi wapi. Fundi wa watu aliuliza kwa nia njema. Hakujua kwamba juzi tu Benedikto, kaka yake Veronika, alipiga simu kutoka mlimani akasema kwa sauti yake ya uchangamfu, "Shemeji, Jumamosi nashuka kumchukua mtoto, kama tulivyokubaliana."

Kama tulivyokubaliana. Yeremia aliyarudia maneno hayo njia nzima hadi nyumbani.

Makubaliano yenyewe yalifanyika hivi. Siku ya kumaliza tanga, uani kwa mama mkwe wake, juu ya Mkuyuni, Yeremia alikaa kwenye mkeka kama gogo. Alikuwa hajalia mbele za watu wala hajasema. Yeye ni Mnyamwezi wa Nzega, na Wanyamwezi na Waluguru ni watani wa tangu enzi za misafara. Katika msiba, kazi ya mtani ni kumtoa mfiwa katika shimo, hata kwa kumvuta sikio. Ndipo Benedikto aliposimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

"Enyi watu, mtazameni Mnyamwezi huyu! Amemmaliza dada yangu kwa kumlisha ugali wa mtama, sasa anatununia sisi. Haya, mtoto namchukua kabla hujamzeesha. Wewe tunakuachia mbwa."

Watu wakacheka. Yeremia alijua sheria ya utani, kwamba anayenyamaza ameshindwa, na kitu fulani kifuani mwake kililegea kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Akajibu, "Mchukue! Tena upesi! Anakula kama jeshi huyo. Na sufuria nakuongezea, mkampikie huko huko mlimani."

Wakacheka mpaka machozi. Hata mama mkwe alicheka ndani ya khanga yake. Yeremia aliona pumzi imemrudia, akamshukuru Benedikto kimoyomoyo.

Kila mwaka aliwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba ahadi iliyotolewa kwa mzaha haifungi, maadamu msikilizaji yeyote mwenye akili timamu angetambua kuwa ni mzaha. Alikuwa na mifano mizuri ya kuchekesha. Hakupata kujiuliza itakuwaje ikiwa wasikilizaji wawili wenye akili timamu wamelelewa katika nyumba mbili tofauti. Kwao Nzega alikotolea ng'ombe wa mahari, mtoto ni wa baba, na kumwambia mtu "mchukue" ni kichekesho kwa sababu hakiwezekani. Kwa Waluguru mtoto ni wa tombo la mama yake, yaani ziwa moja lililonyonyesha ukoo mzima, na mjomba ndiye msemaji wake. Benedikto alilivika jambo zito nguo ya mzaha ili lisimuumize mfiwa. Jibu la Yeremia alilipokea kama ridhaa ya muungwana.

Na juzi kwenye simu, badala ya kusema hapana, Yeremia alisema, "Sawa, shemeji, karibu." Mtu hamkatalii kaka wa marehemu kwenye simu. Alidhani atapata maneno baadaye.

*

Binti yao, Devotha, alikuwa mezani akichambua maharage Yeremia aliporudi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, amemaliza mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa, na sasa alikuwa katika kile kipindi kirefu kisicho na kazi wala ratiba, cha kungoja matokeo na kidato cha kwanza. Alikuwa amekonda. Yeremia aliuona wembamba ule kila siku, akauhesabu kuwa ni huzuni, kwa kuwa naye alikuwa nao.

"Shikamoo baba. Imepona?"

"Marahaba. Imepona, ila haina roho. Mimi na wewe ndio tutakaoitia." Akaweka flashi mbili mezani, akaeleza kwa utaratibu, kama alivyoelezwa. Alieleza wa utepe mwekundu kwa kirefu zaidi: magoli, mashindano ya Jumamosi, Shakila na kundi lake la Kihonda. Alijisikia akiupigia debe.

Devotha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogeza sinia, akachukua flashi ya utepe mweupe.

"Tuweke huu wa mlimani."

"Wa mlimani?"

"Usiotaka intaneti. Kwa bibi mtandao unapatikana kwenye lile jiwe tu, la karibu na mkarafuu. Na umeme wao ni wa jua, saa nyingine unatosha taa peke yake. Huu ndio utakaonifaa."

"Na Shakila? Si mlikuwa mnacheza pamoja?"

"Shakila nimeshamuaga."

Yeremia alivuta kiti, akakaa. "Umemuaga kwenda wapi, mwanangu? Nani amekwambia unaondoka?"

Alimtazama baba yake kwa mshangao, si kwa hasira. "Wewe."

Nje, mtu alikuwa akifagia majani ya mwembe wa jirani.

"Siku ile kwa bibi," alisema Devotha, akirudi kwenye maharage. "Nilikuwa nyuma yako na maji ya kunawa. Ulisema mjomba anichukue. Tena upesi."

"Ulikuwa utani ule, Devotha. Mimi na mjomba wako ni watani."

"Najua. Watu si walicheka? Mimi pia nilijua ni utani." Akatupa jiwe dogo pembeni ya sinia. "Lakini sikuongeza chakula tena. Nikajisemea, kama ni utani, basi hakuna hasara. Kama siyo, labda ataona sili kama jeshi, abadilishe mawazo. Halafu juzi mjomba alipopiga, ukasema sawa, karibu. Nilikuwa hapo mlangoni, baba."

Yeremia alizipitia jioni zote, miezi minane ya jioni, binti akisukuma sahani nusu na kusema ameshiba, naye akisema "haya" na kurudi kwenye makaratasi ya wanafunzi. Kila sentensi aliyoitunga ilikuwa sahihi, na kila moja ilikuwa imechelewa.

"Mimi sikutoi," alisema mwishowe.

"Sawa, baba," alijibu Devotha kwa upole, kwa sauti ileile ambayo yeye aliitumia kwa Benedikto kwenye simu. Akachomeka flashi nyeupe. Kioo kikawaka, kikatoa onyo kwamba kila kilichomo kwenye diski kitafutwa, kikauliza kama mtumiaji ana uhakika. Hakikuwamo kitu cha kufutwa. Devotha akabonyeza ndiyo.

*

Benedikto aliwasili Jumamosi asubuhi na mkungu wa ndizi na furushi la pilipili manga, akipiga hodi kwa kelele ya mtu anayejua anapendwa.

"Mnyamwezi! Bado hujafa? Nilikuja na jembe kabisa, nikuzike nikipita."

"Karibu, shemeji."

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama! Njoo nikuone. Mbona fito? Huyu baba yako anakulisha vitabu?" Alicheka, akapokea maji ya kunywa, akaketi. Begi la Devotha lilikuwa limekwisha wekwa kando ya mlango, na Benedikto alipoliona alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Mama amekwisha kumtengea lile shamba la bondeni alilokuwa akilima dada. Chumba nimekipaka chokaa kwa mkono wangu. Shule ya misheni nimeongea na sista mkuu."

Yeremia alibaki amesimama. "Shemeji, Devotha hatakwenda kuishi huko. Nilikosea kusema karibu. Na siku ya tanga nilitania."

Benedikto alicheka, akangoja, kisha kicheko kikaisha chenyewe. "Hapo unasema kama mtani au kama mtu?"

"Kama mtu."

"Aha." Aliweka bilauri chini polepole. "Miezi minane, Yeremia. Ukanyamaza. Mama yangu anafagia chumba kila Jumapili baada ya misa, anasema mtoto wa Veronika anakuja. Leo ndiyo unakumbuka kuwa ulitania?"

Mahakamani Yeremia angeshinda. Alijua vifungu, alijua hata namba zake, na alijua vilevile kuwa hakuna hata kimoja ambacho angeweza kukitamka katika sebule ile bila kumzika Veronika mara ya pili.

"Nisamehe," alisema. "Sijitetei."

"Mimi si wa kukusamehe." Benedikto aliinuka, uchangamfu ulikuwa umemtoka usoni. "Neno ulilisema uani, mbele ya watu. Halirudishwi sebuleni kwa mtu mmoja. Kama unalirudisha, twende ukalirudishe palepale, waliolisikia walisikie. Na mtoto awepo. Akili ya wazee ikiridhika, sawa. Isiporidhika, mimi nimeshapaka chokaa."

Wakaenda kwa gari la Yeremia mpaka Mkuyuni, wakaliacha kwa mtu sokoni, wakapanda kwa miguu katikati ya migomba na mifenesi. Kila mara njia ilipokuwa nyembamba au palipokuwa na kijito cha kuvuka, Devotha, aliyekuwa akicheza huku akitembea, alibonyeza kitufe, mashine ikalala. Akivuka, akabonyeza tena, ikaamka palepale. Hakuinua kichwa kutazama nani yuko mbele na nani nyuma.

Uani kwa bibi walikusanyika wale waliokaa jirani: shangazi wawili wa Benedikto, mke wake, na wanaume wachache waliotoka shambani na matope miguuni. Mama mkwe aliketi kwenye kigoda. Yeremia alimwamkia, akaitikiwa "Marahaba, mwanangu," akasimama mahali palepale ambapo mkeka wa tanga ulitandikwa. Akakohoa.

Kabla hajasema, mzee mmoja, Mikaeli, akapaza sauti, "Jamani, Mnyamwezi kaja kutaka sufuria yake!"

Uwanja mzima ukalipuka. Walimkumbuka. Walimpenda kwa lile jibu la siku ile, walilisimulia mashambani miezi yote, na sasa walikuwa wamenyoosha shingo kungoja jingine. Yeremia alisema, "Nimekuja kurudisha neno," nao wakacheka zaidi; shangazi mmoja akapiga makofi, "Lirudishe, lakini ng'ombe hatukurudishii!" Alijaribu tena, na tena kicheko kikameza sentensi yake. Alimtafuta Devotha kwa macho. Alikuwa nyuma ya nguzo ya baraza, mahali ambapo maji ya kunawa huwekwa.

Ndipo akaacha kutunga. "Mwanangu alikuwa amesimama hapo," alisema, akanyoosha mkono. "Alinisikia nikisema anakula kama jeshi. Tangu siku ile hadi leo hajaongeza chakula. Nilikaa naye meza moja na sikujua."

Kicheko kilikatika. Mzee Mikaeli alivua kofia, akaishika tu.

"Simtoi mtoto wangu," aliendelea, na sauti yake haikuwa tena ya darasani. "Wala siwanyimi. Ni wa tombo lenu, nalijua hilo. Lakini sikumtupa. Nalirudisha neno mbele yenu na mbele yake."

Mama mkwe alivuta pindo la khanga. Aliposema, hakumwambia Yeremia bali alisema na mwanawe. "Benedikto, nimefagia kile chumba nikidhani naletewa mtoto. Kumbe angekuja kama aliyefukuzwa. Mimi wa kufukuzwa simtaki. Namtaka wa kuletwa." Kisha akageuka. "Devotha, mwanangu. Njoo hapa. Wewe unasemaje?"

Devotha alitoka nyuma ya nguzo. Macho yote yalikuwa kwake, na Yeremia aliona jinsi mikono yake ilivyoikumbatia ile mashine.

"Nataka kuliona shamba la mama," alisema. "Nitakaa na bibi mpaka shule zifunguliwe."

"Na baadaye?"

"Sijui. Baba aje anichukue mwenyewe. Asimtume mtu."

Hawakuuliza zaidi. Benedikto aliondoka kwenda kukata ndizi, bila kumtazama shemeji yake. Chakula kilipoandaliwa, Yeremia alijizuia asiitazame sahani ya binti yake, akaitazama. Devotha alikula kiasi alichozoea, akasema ameshiba. Bibi akasogeza chungu karibu naye na kukiacha hapo. Kilibaki hapo mpaka kikapoa.

Alasiri, Yeremia alipokuwa akiteremka, alisikia hatua za mbio nyuma yake. Devotha alimfikia kwenye lile jiwe la mtandao, akihema, akamkabidhi mashine.

"Nenda nayo."

"Mbona tuliiandaa kwa ajili ya huku?"

"Weka ule mwingine. Wa utepe mwekundu."

Yeremia aliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa bado na joto la mikono ya binti yake. "Una uhakika?"

"Baba, usiniulize kama mashine." Midomo yake ilikaribia kucheka, haikucheka. Akageuka, kisha akasimama akimpa mgongo. "Na usimwambie tena mtu anichukue. Hata kama wote watacheka."

"Sitasema."

Akapanda. Yeremia alimfuata kwa macho mpaka migomba ilipomfunika.

Kesho yake, baada ya misa, alikaa kwenye ile meza ya maharage. Aliiamsha mashine kwanza. Ikafunguka palepale Devotha alipoachia, kijitu kidogo kikiwa kimesimama ukingoni mwa kijito, kikingoja kuvushwa. Alikitazama kitambo. Kisha akaizima na kuchomeka flashi ya utepe mwekundu.

Kioo kikamwonya kwamba kila kilichomo kitafutwa. Kikauliza kama ana uhakika.

Alichukua simu ampigie, akakumbuka jiwe, akaiweka chini. Hakuwa na njia ya kujua kama binti yake alichagua mfumo wa nyumbani kwa kuwa alikusudia kurudi, au kwa kumwonea huruma baba anayeteremka peke yake. Mambo hayo mawili hutamkwa kwa sauti moja, na yeye katika nyumba hii alikwisha kuonyesha jinsi alivyo kiziwi. Alichokuwa nacho ni kimoja tu. Pale kwenye jiwe hakuna aliyecheka.

Akabonyeza ndiyo. Mstari mwembamba ukaanza kutambaa kutoka kushoto, polepole mno, na Yeremia akakaa kuulinda, mikono yake ikiwa mezani, kana kwamba ungeweza kurudi nyuma akigeuka.